Mkasi Niliouweka Kando: Mafunzo Matano ya Stempu za Zamani

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikinunua makusanyo ya stempu kutoka familia za Kitale na Bungoma, nayapanga, kisha nayauza. Mafunzo haya yamenigharimu, la kwanza kuliko yote.

1. Usikate bahasha.
Mjane mmoja wa Bungoma aliniuzia kasha la bati lililojaa barua za marehemu mumewe. Usiku ule nilikata stempu zote, karatasi nikaitia motoni. Stempu zilizoandikwa Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizoanza kutolewa mwaka 1935, zilitumika katika nchi zote tatu. Muhuri wa posta ndio unaokuambia barua ilitoka Tororo, Moshi au Bungoma. Bahasha nzima yenye muhuri unaosomeka ina wanunuzi wake. Mimi nilibaki na rundo la stempu za kawaida, mihuri imekatwa nusu.

2. Pima meno kabla ya kutaja bei.
Stempu za kawaida za nchi hizo zenye sura ya Mfalme George wa Sita, zilizoanza mwaka 1938, zilichapwa tena na tena, na matundu ya ukingoni yakawa yanabadilika. Mbili zenye picha ileile ya jahazi zinaweza kupishana sana kwa bei. Hesabu matundu katika kila sentimita mbili. Kadi ya kupimia inatosha.

3. Zishuku zenye thamani kubwa.
Stempu za shilingi nyingi na za pauni zilibandikwa pia kwenye hati za kulipia ushuru, zikafutwa kwa kalamu. Walaghai huosha wino huo na kugonga muhuri bandia wa posta. Ukiona kivuli cha mstari wa kalamu chini ya muhuri, usiiuze kama stempu ya barua.

4. Bei ya katalogi si bei ya mkononi.
Bei za katalogi ya Stanley Gibbons ya London ni za muuzaji, kwa stempu iliyo katika hali nzuri. Iliyochanika, iliyopauka au iliyoshikana na jirani yake kwa unyevu wa masika ya Kitale haifikii hapo. Mweleze hivyo mwenye mali kabla hajajenga matumaini.

5. Panga pamoja na mwenye mali.
Niliporudi Bungoma na malipo ya mwisho, mjane yule hakuzihesabu pesa. Aliniuliza, "Mwanangu, zile bahasha zenye mwandiko wake umeniletea?" Sikuwa na la kumjibu ila ukweli, nikamwomba radhi.

Tangu siku hiyo sigusi kasha peke yangu. Tunaketi na familia, tunasoma bahasha moja baada ya nyingine, na wanayotaka kubaki nayo inatoka mezani kabla sijataja bei yoyote.