Injini Imekufa: Uifufue au Ununue Nyingine?

Huku Kanyosha, Bujumbura, gari likikuzimikia kwenye barabara ya Rumonge, hata kamba ya kulivuta haijafungwa, wapita njia wamekwisha kukuamulia: tupa hiyo, tafuta injini nyingine. Mimi nimepita njia zote mbili, kwanza na Toyota TI ya zamani, baadaye na Toyota Probox. Siku hizi sikubali kununua kitu kabla sijajibiwa swali moja: bloku inachongeka?

Lakini kwanza pima. Kama injini bado inazunguka, fundi apime kompresheni ya kila silinda. Toyota nyingi ndogo za petroli zikiwa nzima husoma baa 13 hadi 15. Silinda iliyo chini sana itiwe oili kidogo kupitia tundu la plagi, ipimwe tena. Namba ikipanda, ringi au kuta za silinda zimelika. Isipopanda, kasoro iko juu, kwenye vali au gasketi ya hedi. Gasketi ya hedi kuungua si kifo cha injini, na inaniuma kuona mtu anauziwa injini nzima wakati alihitaji gasketi mpya na hedi kupitishwa kwenye mashine inyooke.

TI yangu ilichemka kwenye mlima wa Bugarama. Barabara ile inaanzia karibu na ziwa, kwenye mita zisizofika 800, inapanda hadi zaidi ya 2,000, na rejeta iliyoziba haifiki juu salama. Fundi wa Buyenzi alipofungua hedi, alipitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda kutoka chini kwenda juu. Karibu na mdomo ukucha ukakwama: hapo ndipo ringi zilipokuwa zimekula chuma na kuacha kingo. Injini ile, 5A-FE, ina bloku ya chuma kizito. Ikachongwa nusu milimita, ikafungwa pistoni za saizi hiyo, ringi na bering mpya. Krenki ilikuwa nzima, na hilo ndilo lililookoa hesabu. Krenki ikiwa imeharibika, mimi huacha habari ya kufufua.

Probox ni kesi nyingine. Bloku ya 1NZ-FE ni ya alumini, ndani ina slivu nyembamba za chuma, na Toyota hawakuitengeneza ili ichongwe. Oili ilikwisha njiani, bering zikalika, ukuta wa silinda ukachubuka. Hapo nilinunua ya mtumba.

Angalia pesa inakwenda wapi. Ukifufua, sehemu kubwa ya gharama ni mikono ya mafundi, unalipa kwa faranga. Injini ya mtumba inayopitia Dar es Salaam hufuata bei ya dola, na tangu benki kuu ya Burundi iliposhusha thamani ya faranga Mei 2023, pengo kati ya gharama hizo mbili limekuwa la kweli mfukoni. Kwa hiyo bloku ikichongeka na krenki ikiwa nzima, mimi nafufua. Kimoja kikikosekana, nabadilisha.

Ukinunua, usilipie injini iliyolala sakafuni tu. Fungua kifuniko cha oili: uji mweupe maana yake maji yameingia, tope jeusi maana yake oili haikubadilishwa. Waambie waizungushe kwa stata, upime kompresheni papo hapo. Risiti iandikwe namba ya injini na muda wa kuirudisha. Oili sili ya nyuma ya krenki na pampu ya maji badilisha kabla injini haijafungwa, kwa sababu ikiwa ndani ya gari utalipia kazi zaidi.

Na injini yoyote utakayochagua, isirudi kwenye gari kabla rejeta haijasafishwa na termostati haijabadilishwa. Fundi akikuambia aitoe termostati kabisa eti kwa sababu Bujumbura kuna joto, kataa.