Mtoto Anayenyamaza

Mwalimu wa shule ya Jumapili akisema, "Mtoto huyu siku hizi amekuwa mtundu," mara nyingi twatafuta fimbo kabla ya kutafuta sababu. Somo letu ni juu ya watoto wanaoteswa au kukosa matunzo, na jinsi ya kuwatambua.

Tusidhani ni mambo ya mbali. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2009, ukatangazwa mwaka 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana, kiasi cha 1 katika kila 7.

Kwa nini? Pombe ina sehemu yake, na ugomvi wa wazazi. Aliyelelewa kwa kipigo huona kipigo ndiyo malezi. Walio hatarini zaidi ni mtoto wa kambo, mlemavu, yatima aliyepelekwa kwa jamaa, na binti wa kazi. Umaskini huongeza mzigo, lakini tusiwahukumu maskini: wako wenye kishamba kidogo na watoto wao wananawiri, na wako wenye gari ambao mtoto wao hana wa kumwuliza kama amekula.

Sasa dalili. Mtoto achezaye huchubuka magoti, miundi na paji la uso. Alama za masikioni, shingoni, mgongoni au mapajani zina habari nyingine. Maji ya moto yakimwagika kwa bahati mbaya huunguza ovyo ovyo. Mguu uliotumbukizwa kwa nguvu huungua kwa mstari, kama aliyevaa soksi. Asiyetunzwa hakui vizuri, husinzia darasani, huficha chakula mfukoni. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Mwingine huogopa kubaki na mtu fulani. Na mwingine hutulia mno, nasi twamsifu kwa adabu! Dalili moja haitoshi kumshtaki mtu, zikikusanyika, usizipuuze.

Wazee husema, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye," na methali hii tumeitumia kufunika mengi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu iliyopita kiasi, tena inamtaka kila mwanajamii mwenye habari za mtoto anayeonewa azipeleke kwa serikali ya mtaa au kijiji chake. Iko pia simu ya watoto, namba 116, isiyo na malipo.

Mtoto akianza kusema, msikilize bila kumkatiza, wala usimwulize mbele ya yule anayemwogopa. Usimwahidi kuificha siri, maana itakubidi kumwambia anayeweza kusaidia. Mwambie kwamba umemsadiki, na kwamba kosa si lake. Wala jambo hili lisimalizwe kwa wazee kukaa na kupokea mbuzi, huku mtoto akirudishwa jioni katika nyumba ile ile.