Jiko na Ghala Chini ya Paa Moja

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Leo naomba ruhusa niwapinge kidogo, maana hapa kwetu Kitui na Makueni akiba iliwahi kuoza, na ikaua watu. Kwa hivyo makala haya ni somo la ujenzi na somo la msamiati kwa pamoja. Shika kalamu yako.

Kwa nini tujenge?

Mwaka wa 2004 ugonjwa wa ajabu uliingia katika wilaya za Makueni na Kitui, ukagusa pia Machakos na Thika. Watu waligeuka macho yakawa manjano, matumbo yakafura, maini yakashindwa kufanya kazi. Kufikia Julai mwaka huo wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walifariki. Haikuwa malaria wala kipindupindu. Kumbe yalikuwa ni mahindi! Mahindi yaliyowekwa kabla ya kukauka huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii haina ladha ya kukuonya, na moto wa jikoni hauiondoi. Hata ukichemsha isyo tangu asubuhi hadi jioni, sumu iko palepale. Kukoboa mahindi yawe muthokoi hupunguza kiasi, lakini hakumalizi.

Wachunguzi walipolinganisha nyumba za wagonjwa na za majirani wazima, waliona jambo moja: wagonjwa ndio zaidi waliokuwa wameweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani. Usiwacheke. Penye njaa mtu huogopa mwizi, na gunia huingia chumba cha kulala.

Bibi yangu mzaa mama, kule Makueni, alifanya vivyo hivyo kwa miaka mingi. Ghala lake la kale, ambalo kwa Kikamba tunaliita ikumbi, liliporomoka kwa mchwa, na gunia likahamia kando ya kitanda. Tulipomwomba alitoe, alituuliza, "Mwizi akija usiku, ninyi mtakuwa wapi?" Hatukuwa na jibu. Basi likizo ya Agosti, wakati wa kiangazi, mjomba na mimi tukaamua kumjengea jiko jipya lenye ghala pembeni na mlango wa kufuli. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Hatua ya kwanza: kugawa chumba

Chumba chetu kilikuwa hatua tano kwa tatu, si kikubwa. Kosa la wengi ni kuweka kila kitu mahali pamoja: sufuria inatoa mvuke hapa, gunia linaunywa pale. Tulisimamisha kiambaza cha fito na udongo kutoka sakafuni mpaka juu. Upande mmoja meko, upande wa pili ghala, kila upande na mlango wake. Tuliinua sakafu ya ghala kwa mawe na kokoto ili maji ya mvua yasiingie, tukaacha matundu madogo chini ya paa na kuyaziba kwa waya wa wavu. Hewa inapita, panya hapiti.

Hatua ya pili: meko

Mafiga matatu ni mazuri kwa methali, lakini hula kuni si mchezo, na moshi wake huumiza macho na mapafu. Tulinunua sokoni kiini cha jiko la kuni, yaani kile chungu kisicho na kitako kilichofinyangwa na kuchomwa. Tulikiweka kwenye msingi wa mawe, tukakizungushia mawe madogo na udongo wa kichuguu uliokandwa pamoja na nyasi zilizokatwakatwa. Udongo huu hushika vizuri. Usiwe na haraka ya kupika! Acha jiko likauke polepole kivulini wiki mbili au zaidi, la sivyo litapasuka siku ya kwanza. Juu ya ukuta, upande ule usiopakana na ghala, tuliacha nafasi pana ya moshi kutokea.

Hatua ya tatu: uchaga

Ndani ya ghala gunia halikai sakafuni kamwe. Tulitengeneza uchaga, yaani jukwaa la miti lenye miguu minne inayofika magotini. Kila mguu tuliusimamisha juu ya jiwe bapa badala ya kuuchimbia, ili mchwa akipanda tumwone. Tuliuvika kila mguu bati la mkebe wa zamani lililokunjwa kama mwavuli, panya ateleze. Uchaga usiguse ukuta. Acha nafasi ya mtu kupita na fagio.

Hatua ya nne: susu

Hapa ndipo Kiswahili kilitufurahisha. Kwetu Ukambani, susu ni nyanya, mama wa mzazi wako. Kwa Kiswahili sanifu, susu ni kitu cha kamba kinachoning'inizwa darini ili kuwekea chakula, paka na panya wasikifikie. Nilipomwambia bibi kwamba nitamning'iniza susu jikoni, alichukua mwiko! Baada ya kicheko tulisuka moja kwa kamba za katani. Sasa hubeba bakuli la maharagwe ya jana, chumvi na majani ya chai. Kwa jiko dogo hakuna kabati rahisi kuliko hilo, kwa sababu halichukui hata shubiri moja ya sakafu.

Hatua ya tano: kupima ukavu

Ghala zuri lenye mahindi mabichi ni bure. Tulianika mahindi juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu, na kila jioni tukayafunika yasipigwe na umande. Je, utajuaje kwamba yamekauka? Wazee huuma punje kwa meno. Njia nyingine ni ya chupa. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi yafike kama thuluthi yake, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, kisha tikisa kwa nguvu dakika nzima. Subiri itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15: rudisha juani. Isipoganda, bado usijisifu. Kiwango kinachopendekezwa hapa Kenya ni asilimia 13.5, basi ongeza siku nyingine ya jua kali.

Baada ya hapo tulichambua punje zilizooza na kubadilika rangi, na hatukuwapa kuku, maana sumu ile hudhuru mifugo pia. Yaliyobaki tuliyatia katika gunia lenye mifuko miwili ya plastiki ndani yake. Kila mfuko unafungwa peke yake, kwa kubana. Hewa ikikosekana, fukusi na dumuzi hufa bila dawa. Dumuzi ni yule mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati, aliyeonekana Kenya upande wa Taveta mwaka wa 1983, na ambaye wakulima wengi humwita Osama. Lakini kumbuka: mfuko huu huhifadhi ulichoweka. Ukitia mahindi mabichi, umefungia kuvu nyumbani kwake.

Siku ya mwisho mjomba alifunga komeo na kufuli. Bibi aliuvuta mlango mara tatu, akaupiga teke, akaita mbwa alale mbele yake. Kisha akaufunga ufunguo kwenye ncha ya leso yake na kusema, "Haya, leteni gunia." Usiku ule alilala peke yake chumbani kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Asubuhi alilalamika kwamba chumba kimekuwa kikubwa mno.

Msamiati wa leo

Kiambaza: ukuta mwembamba wa kugawa chumba.
Mafiga: mawe matatu ya kutelekea chungu.
Uchaga: jukwaa la miti la kuwekea nafaka.
Susu: kining'inio cha kamba cha kuwekea chakula.
Kuvu: uotaji mithili ya vumbi au pamba juu ya kitu chenye unyevu.
Fukusi: mdudu mdogo anayetoboa nafaka.

Zoezi

1. Eleza kwa nini kiambaza ni muhimu kati ya meko na ghala.
2. Tunga sentensi moja yenye maana zote mbili za "susu".
3. Nenda nyumbani, uliza gunia la mahindi linakaa wapi. Ukiambiwa ni chini ya kitanda, usibishane na wazee. Uliza kwanza kufuli inauzwa bei gani.