Nani Aliyevumbua Cherehani?

Wasomaji wa Handeni na Korogwe, mwezi uliopita nilipanda mlima kwenda Dindira kwa shughuli zangu za ukarani, na nilipokuwa nikingoja gari la kuteremkia Korogwe nikaketi kwenye baraza ya mzee mmoja mshonaji. Nikakuta pana mabishano. Kijana anayejifunza kazi kwa mzee huyo alikuwa amechonga ubao wenye mapengo ya kupimia marinda ya sketi za shule, hata marinda yote hutoka sawasawa bila ya kuyapima moja moja kwa utepe. Fundi mwingine aliuona ubao ule, akachonga wake, na sasa huwaambia watu kwamba ni akili yake mwenyewe. Kijana alijaa uchungu. Mzee akamtuliza, akasema, "Mwanangu, kitu kizuri hakipotezi jina la aliyekitengeneza. Tazama mashine hii. Aliyeivumbua jina lake lipo hapa hapa." Akaweka kidole juu ya neno Singer, lililoandikwa kwa rangi ya dhahabu.

Nikasema, "Niwie radhi, mzee wangu. Huyo hakuwa wa kwanza, wala wa pili." Wote wakanigeukia. Walakini gari likaja kabla sijafika nusu ya habari, na iliyobaki naiandika hapa.

Kwanza yafaa tujue jambo lenyewe lililokuwa gumu. Watu wameshona kwa mkono tangu zamani sana, sindano ikizama upande huu wa kitambaa na kutokea upande wa pili, na mkono ukiifuata. Waliojaribu kufanya mashine, wengi walitaka kuuiga mkono huo, wakashindwa, maana si rahisi mashine kuiachia sindano upande mmoja na kuidaka upande wa pili. Siri ilikuwa kuacha kuuiga mkono. Sindano ya mkono ina tundu nyuma. Sindano ya cherehani ina tundu mbele, karibu na ncha. Haivuki kitambaa yote. Huzama na uzi wake, huacha kitanzi chini, kisha hurudi juu ilikotoka. Huko chini kipo chombo kidogo chenye uzi wa pili. Katika mashine za zamani chombo hicho kilikuwa na umbo la mtumbwi, kikienda mbele na nyuma; katika nyingi za siku hizi kuna ndoana ya mviringo inayokizungusha kitanzi pande zote za bobini. Uzi wa pili hupita ndani ya kitanzi, sindano ikipanda hukaza, na nyuzi mbili hufungana katikati ya unene wa kitambaa. Mwalimu atakaye kuwaonyesha wanafunzi wake na aondoe kibao kinachofunika bobini, alizungushe gurudumu kwa mkono, polepole. Wataona yote kwa macho yao. Ndiyo sababu uzi wa bobini ukiisha, sindano huendelea kupanda na kushuka lakini mshono haupo.

Basi ni nani aliyepata hayo? Mwaka wa 1790 Mwingereza mmoja, fundi wa samani, jina lake Thomas Saint, alipewa hati ya Serikali ya kulinda uvumbuzi, ambayo siku hizi huitwa hataza, kwa mashine ya kushonea ngozi. Michoro yake ikakaa katika ofisi ya London hata mwaka wa 1873, ndipo mtu mwingine alipoiona, na wakati huo cherehani zimekwisha enea duniani. Kazi yake haikumsaidia yeye wala haikuwafaa waliomfuata.

Wa pili ni Mfaransa, Barthélemy Thimonnier, fundi mshonaji maskini, aliyezaliwa mwaka wa 1793. Mashine yake ilikuwa ya mbao, na sindano yake ilikuwa na ndoana, ikishona kwa uzi mmoja tu, mshono wa mnyororo. Alipata hati yake mwaka wa 1830, akafungua karakana mjini Paris yenye mashine 80, zikishona nguo za askari. Mafundi wa mji wakaona chakula chao kinaondoka. Mwaka wa 1831 wakaingia kwa wingi katika karakana ile, wakazivunja mashine. Thimonnier akakimbia. Inasimuliwa kwamba baadaye alirudi kwao kwa miguu amebeba mashine moja mgongoni, akiionyesha njiani kama mtu anayeonyesha nyani wa kucheza, apate senti za chakula. Akajaribu tena na tena. Akafa mwaka wa 1857 katika umaskini.

Nakiri kwamba siwezi kuwalaumu kabisa mafundi wale. Mtu aliyeishi kwa sindano yake na kuona mashine ikishona upesi kuliko mkono wake hawezi kuambiwa afurahi. Kosa lao ni kudhani kwamba kuvunja mashine 80 ni kuvunja fikra iliyozifanya, na wakati huo huo fikra hiyo ilikuwa ikizuka ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Huko New York, yapata mwaka wa 1833, alikuwako Walter Hunt, mtu wa akili nyingi sana na mali kidogo. Ndiye aliyeunganisha yale mawili niliyoyaeleza: sindano yenye tundu karibu na ncha, na chombo cha chini chenye uzi wa pili. Hakuomba hati. Inasimuliwa kwamba binti yake alimwambia mashine ile itawanyima riziki wanawake washonao kwa mkono, naye akaiacha. Mtu huyu ndiye aliyebuni pia ile pini ijifungayo, ambayo akina mama hufungia nepi za watoto, na haki yake aliiuza mwaka wa 1849 kwa dola 400 tu.

Sasa tunamfikia Elias Howe, na hapa habari inakaribia kwetu kuliko msomaji anavyodhani. Howe alizaliwa mwaka wa 1819 katika jimbo la Massachusetts, na katika ujana wake alifanya kazi Lowell, mji wa viwanda vya pamba. Wazee wetu walikijua vema kitambaa cha jimbo hilo. Tangu mapatano ya Sayyid Said na Marekani ya mwaka 1833, merikebu za Salem zilileta Unguja kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, watu wakakiita merikani, yaani kitu cha Wamarekani. Kikavushwa bara, kikapandishwa kutoka Pangani kwa vichwa vya wapagazi, kikipimwa kwa mkono na kwa doti, kikabadilishwa kwa pembe. Basi jimbo lililomvika mtu wa hapa merikani yake ndilo lililomlea Howe.

Howe alipata hati yake tarehe 10 Septemba 1846. Mwaka mmoja kabla alishindana mjini Boston na wasichana watano hodari wa kushona. Kila msichana alipewa mshono mmoja, yeye mitano. Akamaliza yote mitano kabla yao. Watu wakastaajabu, wakaenda zao, wala hakuna aliyenunua, kwa kuwa bei ilikuwa kubwa mno. Ndugu yake akaipeleka mashine London, akauza haki ya Uingereza kwa pauni 250 kwa mfanyi biashara William Thomas. Howe mwenyewe akamfuata huko kumfanyia kazi, wakagombana, akarudi Marekani mwaka wa 1849 mikono mitupu, akamkuta mkewe yu karibu kufa. Husemwa kwamba aliazima nguo za kwenda nazo mazikoni. Ikiwa ni kweli, basi aliyewashonea watu wa dunia hakuwa na suti yake mwenyewe.

Yako masimulizi mengine ya kwamba Howe aliota ameshikwa na watu wenye mikuki yenye matundu kwenye ncha, akaamka na kuifahamu sindano yake. Ni hadithi tamu, nami sina haja ya kuigombeza ndoto ya mtu. Lakini Hunt alikuwa na sindano kama hiyo zaidi ya miaka kumi kabla, naye hatusikii kwamba alilala.

Aliporudi, Howe alikuta wengine wanauza cherehani zenye mambo yake ndani. Mkubwa wao akawa Isaac Merritt Singer, aliyezaliwa mwaka wa 1811, mtu mrefu mwenye sauti kubwa, aliyekuwa mwigizaji wa michezo kabla ya kuwa fundi. Mwaka wa 1850 alipewa mashine ya watu wengine aitengeneze. Alidai kwamba kwa siku 11 na dola 40 alikamilisha yake. Akapata hati tarehe 12 Agosti 1851. Tusimdharau. Mashine ya Howe ilikuwa na sindano iliyopinda, na kitambaa kilitundikwa wima, hata mshono mrefu ulikuwa taabu. Singer aliisimamisha sindano ipande na kushuka wima, kitambaa akakilaza mezani, akaweka mguu wa kukikandamiza, na chini akaweka ubao wa kukanyagia, mikono yote miwili ibaki huru. Meno yale yanayosukuma kitambaa kama yanavyofanya leo ni kazi ya mtu mwingine tena, Allen Wilson, aliyeyakamilisha mwaka wa 1854. Nao ule ubao wa kukanyagia Singer hakuuombea hati. Alipokumbushwa, muda ulikuwa umekwisha pita.

Howe akashitaki. Singer akamtafuta mzee Hunt, akamleta aseme mbele ya watu kwamba yeye alitangulia, ili haki ya Howe ianguke. Mwaka wa 1854 ofisi ya hati ikakubali kwamba Hunt kweli alikuwa wa kwanza, lakini hakuomba kwa wakati, tena aliacha miaka mingi ipite. Howe akashinda, Singer akamlipa dola 15,000. Msomaji aangalie jambo hili: aliyetangulia alikiriwa kuwa ametangulia, wala hakupewa kitu, kwa sababu ya karatasi asiyoiandika.

Hata hivyo Howe naye hakuweza kutengeneza cherehani nzuri bila ya meno ya Wilson na sindano wima ya Singer, wala hao bila yake. Kila mmoja akamshitaki mwenziwe. Mwaka wa 1856 wakachoka na mawakili, wakaweka hati zao pamoja katika umoja mmoja, na kila atakaye kuunda cherehani akalipa ada huko. Howe akapata fungu lake kwa kila mashine iliyouzwa, akafa mwaka wa 1867 ni tajiri. Umoja ule uliendelea mpaka 1877, na watu wengi walilalamika kwamba umeifanya bei kuwa kubwa.

Kwa nini basi mzee wa Dindira hajui ila jina la Singer? Ni kwa uuzaji. Mshirika wake, mwanasheria Edward Clark, alianza mwaka ule ule wa 1856 kuwauzia watu kwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Mke wa mkulima aliyeshindwa kutoa bei nzima aliweza kutoa dola chache. Shati la mwanamume lililochukua zaidi ya saa 14 kwa mkono, kwa mashine lilichukua kama saa moja na robo. Kampuni ikajenga kiwanda kikubwa Clydebank, Scotland, kilichofunguliwa mwaka wa 1885 na kufungwa 1980. Katika mwaka 1913 kilitoa mashine zaidi ya milioni moja. Mashine za Singer zikafika pwani yetu, na barazani zikapewa jina la cherehani, neno lenye asili ya Kiajemi, ndugu wa cherehe, lile gurudumu la kunolea visu. Hata zile zenye alama ya kipepeo zitokazo Shanghai, ambazo ziko nyingi kwetu, zimefuata umbo la Singer za zamani, maana hati zina muda wake, na muda ukiisha kila mtu yu huru kuiga.

Nikirudi kwa kijana wetu. Katika nchi hii kazi ya kuandikisha uvumbuzi iko kwa BRELA, Dar es Salaam, kwa sheria ya mwaka 1987, na sheria hiyo yataka jambo liwe jipya kweli. Sikutaka kumdanganya. Vibao vya kupimia marinda vimekwisha julikana kwa washonaji wa nchi nyingine, ijapokuwa yeye hakuviona na alikipata chake kwa akili yake mwenyewe. Nimemwandikia kwamba hataza sidhani ataipata, bali soko bado liko wazi, na fundi yule mwingine hana haki ya kumzuia kuuza. Amejibu kwamba amechonga ubao wa pili wenye vipimo viwili, kwa sketi za wadogo na za wakubwa, na jina lake amelichoma juu yake kwa chuma cha moto.

Mzee naye ametuma swali lake chini ya barua hiyo hiyo: huyo Hunt amezikwa wapi, na je, alipatana na Howe? Hunt alikufa mwaka wa 1859. Kaburi lake liko Green-Wood, Brooklyn, mjini New York, na Howe amezikwa humo humo.