SOMO LA UFUNDI: UA LA SHANGA, ZAWADI ISIYONYAUKA



Kifaru iko tambarare, chini ya Milima ya Upare. Kwa joto letu, ua bichi lililokatwa asubuhi halifiki jioni. Kwa hiyo kwenye Kipaimara, harusi na mapokezi ya wageni, wengi hununua maua ya plastiki, na fedha hutoka nje ya usharika. Somo hili linafundisha kutengeneza ua la shanga, na kumlipa kwa haki anayelitengeneza.

Vifaa
- Shanga ndogo za kioo, kama zile za Wamasai, 100 za rangi moja
- Ushanga mmoja mkubwa wa katikati
- Waya mwembamba wa shaba (wa chuma hupata kutu)
- Waya wa kufungia nondo kwa shina
- Uzi wa kijani

Hatua
1. Tunga shanga zote 100 kwenye waya mwembamba. Kunja ncha zisianguke.
2. Acha sentimita 10 za waya mtupu. Sogeza shanga 20, zizungushe ziwe kitanzi, kisha sokota waya mara mbili chini yake. Hilo ni jani la kwanza la ua.
3. Rudia kwa kufuatana hadi upate vitanzi vitano. Acha tena sentimita 10, kisha kata.
4. Kutanisha ncha mbili kwa chini na uzisokote, ili vitanzi viwe duara.
5. Pitisha ushanga mkubwa katikati kwa kipande cha waya.
6. Funga ua kwenye shina, kisha zungushia uzi wa kijani kwa kubana.

Bei ya haki
Tuseme vifaa ni sh. 1,000, kazi ni saa 2, na kikundi kimekubaliana sh. 1,500 kwa saa. Ongeza sh. 500 za mfuko wa kikundi. Bei ni sh. 4,500. Ua hilo likiuzwa sh. 2,000, mama anabaki na sh. 500 kwa saa, na mfuko haupati kitu. Usharika ukilichukua bure kumpa mgeni, basi mama huyo ndiye aliyetoa zawadi, nasi tumepokea shukrani zake.

Mfano upo jirani. Kiwanda cha shanga za udongo cha Kazuri, Nairobi, kilianzishwa mwaka 1975 na Susan Wood pamoja na akina mama wawili waliolea watoto peke yao. Kilikua hadi kuajiri mamia ya akina mama. Wanunuzi hawakurudi kwa huruma tu. Walirudi kwa sababu kazi ilikuwa nzuri.

Neno
Soma Matendo 9:36-42. Dorkasi alipofariki, wajane walionyesha nguo alizowashonea. Kazi ya mikono yake ilimshuhudia. Lakini yeye alitoa kwa hiari. Hakuna aliyempangia kutoa.

Maswali ya kujadili
1. Zawadi tulizowapa wageni mwaka huu, nani alizitengeneza, na alilipwa?
2. Je, bajeti ya usharika ina fungu la zawadi?
3. Mfadhili, ukinunua ua, je, utauliza pia saa zilizotumika?

Mungu abariki kazi za mikono yenu.