Inyweshe Hamira Kwanza, Sukari Baadaye

Umekanda unga wa mahamri, umetia sukari ukaridhika, lakini saa mbili zimepita na donge limelala vilevile. Kabla hujailaumu hamira, angalia sukari. Hamira ni kiumbe hai, na sukari nyingi huifyonza maji. Ikikaukiwa, hutumia sehemu ya nguvu zake kutengeneza gliseroli ya kujikinga, huku hewa ya kuumua na harufu nzuri vikichelewa.

Anza na uji mzito usio na sukari. Kwa kilo 1 ya unga, chota gramu 300. Koroga na mililita 300 za maji vuguvugu na gramu 10 za hamira ya chenga. Funika kwa dakika 30 hadi 45, mpaka ujae mapovu na unukie uchachu mtamu.

Sasa tia vilivyobaki: unga, chumvi kijiko cha chai, iliki iliyotwangwa muda huohuo, na sukari. Ukitumia hamira ya kawaida, sukari isizidi gramu 100. Unapenda tamu zaidi? Soma pakiti, utafute hamira iliyotengenezwa kwa ajili ya unga wenye sukari nyingi.

Chumvi nayo huvuta maji. Usiimwage moja kwa moja juu ya uji wa hamira. Ichanganye na unga kwanza.

Kandia tui la nazi. Tui zito lina mafuta mengi, kwa hiyo usilihesabu lote kama maji. Lizimue kidogo, ulitie taratibu huku ukikanda. Unataka donge laini linaloachia bakuli, lisilo gumu. Likipasukapasuka, lowesha viganja uendelee kukanda.

Una nafasi usiku? Funika donge, liweke kwenye friji mpaka asubuhi. Kwenye baridi hamira hufanya kazi polepole, na harufu hupata muda wa kujijenga. Asubuhi litoe, liache ubaridi utoke, ndipo usukume.

Likichelewa kuumuka, usiongeze hamira. Lisogeze mahali penye joto kidogo, ulipe muda.

Wala usiangalie saa tu. Bonyeza donge kwa kidole. Shimo likirudi mara moja, bado. Likibaki bila kurudi, limepitiliza. Likirudi polepole na kuacha alama ndogo, sukuma, kata, weka karai jikoni.