Mimba ikitoka kwa dawa: damu kiasi gani ni hatari?

Mwanamke ambaye mimba yake imetoka kwa dawa huwa na swali moja linalomsumbua kuliko mengine: je, damu hii ni ya kawaida au inanimaliza? Wako wanaoshtuka bure. Wako pia wale wanaolala chumbani wakivuja damu siku nzima, kwa hofu ya kuulizwa maswali hospitalini. Hawa wa pili ndio wanaokabiliwa na hatari kubwa.

Dawa zinazotumiwa ni mbili. Mifepristoni huzuia homoni inayoshikilia mimba, na misoprostoli hufanya mji wa mimba kukaza na kusukuma nje kilichomo. Misoprostoli hutumiwa pia hospitalini mimba inapoharibika yenyewe na masalio kubaki ndani. Kwa hivyo maelezo haya yanawahusu wanawake wa aina zote mbili, hasa ambao mimba haijapita majuma 12.

Damu ya kawaida

Baada ya kutumia misoprostoli, damu huanza kutoka kwa muda wa saa chache, ingawa kwa wengine huchukua hadi siku nzima. Tumbo husokota kuliko maumivu ya hedhi, na mabonge ya damu hutoka. Unaweza pia kutetemeka kwa baridi, kupata joto jingi mwilini, kutapika au kuharisha. Hayo husababishwa na dawa yenyewe na huisha siku hiyo hiyo.

Mimba ikishatoka, maumivu hupungua na damu huwa kama ya hedhi kwa siku kadhaa. Kisha hubaki matone kwa majuma mawili hivi. Wengine huendelea kuona matone hadi hedhi inayofuata, ambayo kwa kawaida huja baada ya majuma manne hadi sita. Usishtuke damu ikikatika kisha irudi kidogo. Hata unapoamka asubuhi, damu iliyotuama ulipokuwa umelala inaweza kutoka kwa wingi mara moja halafu ikatulia.

Pima kwa pedi na saa

Damu ikimwagika sakafuni au ndani ya karai ni vigumu kuikadiria kwa macho. Kipimo cha kuaminika ni pedi na saa. Tumia pedi, wala usiingize pamba au kitambaa ndani ya uke, kwani vitaficha damu unayopoteza na vinaweza kuleta viini. Kila unapobadilisha pedi, tazama saa.

Nenda hospitalini mara moja, hata kama ni usiku, ukiona mojawapo ya dalili hizi:

- Pedi kubwa mbili au zaidi zinalowa kabisa kila saa, kwa muda wa saa mbili mfululizo.

- Mabonge makubwa kuliko limau yanaendelea kutoka kwa saa mbili au zaidi.

- Unahisi kizunguzungu unaposimama, moyo unakwenda mbio, mikono ni baridi, au umezirai.

- Joto la mwili limefika digrii 38 au zaidi na siku imepita tangu utumie dawa, au uchafu unaotoka ukeni unanuka vibaya.

- Tumbo linauma sana na dawa za maumivu hazisaidii.

- Unaumwa upande mmoja wa tumbo au kwenye ncha ya bega. Huenda mimba imetunga nje ya mji wake. Mimba ya aina hiyo haiondolewi na dawa hizi, nayo inaweza kupasuka na kuua.

Kadhalika, muone daktari ikiwa siku nzima imepita na hukuona damu, au ilikuwa matone tu. Usitegemee kipimo cha mkojo ulichonunua kwenye duka la dawa, kwani kinaweza kuonyesha una mimba hadi majuma manne baada ya mimba kutoka.

Usiogope matibabu

Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinakubali mimba itolewe iwapo mtaalamu wa afya aliyehitimu anaona kuna haja ya matibabu ya dharura, maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine inaruhusu. Lakini mwanamke anayevuja damu ni mgonjwa, na Kifungu cha 43 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mweleze daktari au muuguzi dawa ulizotumia na saa ulizozitumia ili akutibu vyema. Mara nyingi kinachohitajika ni kuondoa masalio kwa kifaa cha kuyanyonya, kazi ya dakika chache. Aliyepungukiwa na damu huongezewa.

Nawe mume, mama au rafiki unayemuuguza, usingoje kupambazuke. Tafuta gari. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kujitunza nyumbani

Pumzika siku moja au mbili, na uepuke kazi nzito kama kuchota maji hadi nguvu zirudi. Ibuprofeni hupunguza maumivu, ila usiitumie ikiwa una vidonda vya tumbo. Chupa ya maji moto juu ya tumbo pia husaidia. Usioshe ndani ya uke wala kuingiza dawa za miti shamba, na usimeze mabaki ya dawa za viini uliyoachiwa na jirani.

Ili kurudisha damu, kula maini, nyama, omena, maharagwe, ndengu, managu na terere, pamoja na chungwa au ndimu. Chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, basi inywe saa moja baada ya chakula, si pamoja nacho.

Mwisho, fahamu kwamba unaweza kushika mimba nyingine kabla ya majuma mawili kwisha, hata kabla ya kuona hedhi. Ikiwa hauko tayari, zungumza na muuguzi kuhusu kupanga uzazi mapema. Tembe, sindano na vijiti vya mkononi vinaweza kuanzishwa mara moja, na koili huwekwa ikishathibitishwa kwamba mimba imetoka yote.

Weka pedi za kutosha, saa, na nauli ya kwenda hospitalini karibu na kitanda chako.